Leocadia Ccama na Minyoo Madume ya Shamba la Qutapata

Mama yetu Leocadia Ccama Huarachi alizaliwa tarehe 9 Desemba 1951 hapa Qutapata, wilaya ya Acora, Puno, mtoto wa tatu wa Mzee Nicanor na Mama Basilia.

Alimaliza sekondari mjini Puno mwaka 1970. Mwaka 1974 aliajiriwa kuosha vyombo katika maabara ya mimea. Miaka minne baadaye alikuwa akichunguza minyoo ya mizizi ya viazi kwa darubini. Hakuamini hesabu ya mtu mwingine.

Aliolewa na Fortunato Quilla tarehe 2 Agosti 1976, baada ya kumpeleleza miaka mitatu. "Alimuuliza hata mama yangu kama nakoroma," husema mumewe.

Mwaka 1998, viazi vya shamba letu la pamoja vikiwa vimedumaa, muuza dawa mmoja alitangaza kwamba dawa yake imelitibu. Alituonyesha kwa lenzi: minyoo madume watupu. "Bila majike watazaa na nani?" Watu wakacheka.

Leocadia hakucheka. Alijua mnyoo huyo hazaliwi dume wala jike. Akipata mzizi wenye chakula tele, hunenepa akawa jike. Wakibanana kwenye mzizi dhaifu, wengi huwa madume. Alichokiona pale ni njaa, si kupona.

"Shemeji, wewe hata padri unamtilia shaka," alisema Eusebio, mdogo wa Fortunato, mbele ya mkutano. "Nani amekutuma utuharibie?"

"Sijatumwa. Nipeni kopo na miezi mitatu."

Alichanganya udongo kidogo wa shamba na udongo mwingi uliochemshwa, ili minyoo wawe wachache na chakula kiwe tele, akapanda kiazi kimoja. Eusebio, akihofia hila, alilifungia kopo uani kwake na kulimwagilia mwenyewe. Alipong'oa mmea, mizizi ilikuwa imejaa vitone vyeupe, vidogo kuliko punje za nafaka ya kinoa: majike, matumbo yamejaa mayai. Akaenda kuwaita watu. Shamba halikupandwa viazi miaka sita, ili minyoo wakose chakula. Mwaka wa saba tulivuna.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2016. Tarehe 14 Mei 2019 mchana, Eusebio alimletea supu.

"Onja wewe kwanza," akamwambia.

Eusebio akaonja. Leocadia akainywa yote, akalala, hakuamka tena.

Ameacha mume, Fortunato, watoto Wilma, Rufino na Delia, wajukuu saba, dada yake Hilaria, na shemeji yake Eusebio, aliyeomba kulichimba kaburi hili peke yake.

Udongo umpokee kwa upole, naye apate pumziko lake.