Massoudi Aliyeaga Mapema

Mwaka ule wa 2002, kwenye benchi la mbao mbele ya gereji ya Massoudi, Zone Industrielle, kahawa ya Mawazo, mchuuzi wa birika, ilinywewa kwa vikombe vidogo na maneno makubwa. Ng'ambo ya barabara palikuwa na bohari la samaki; samaki waliisha wakati wa vikwazo vya nchi jirani, vilivyozuia hata ndege, na hivi karibuni humo ikafunguliwa ajansi ya safari. Massoudi alinunua pale tiketi ya kwenda kuhiji. Kisha, kama desturi inavyotaka, alizunguka mtaani akiwaomba watu msamaha, na ili uwe msamaha wa kweli, akayataja makosa yenyewe. Siku ya safari akaenda uwanja wa ndege: jina lake halimo orodhani. Kurudi, ajansi ina kufuli. Leo Jumatano, ndege ya mwisho ya mahujaji ni Ijumaa.

— Karibu tena, Alhaji, alisema Jovithe, aliyeitwa Ministre kwa kuwa aliwahi kuwa karani wizarani. Maka umeionaje?

— We niache.

— Nikuache namna gani? Ulinifuata mpaka nyumbani, ukalia, ukasema zile bujii mupya za kuwashia injini ya gari yangu ni za zamani, ulizipiga brosi tu. Nikakusamehe, juu nilijua unaenda mbali.

Ilias Redio, aliyekuwa na habari zote isipokuwa za kweli, akaweka kikombe chini.

— Ndege ilikuja. Vikwazo vilikaa sana, marubani wakasahau njia. Iko juu ya ziwa inazunguka mpaka sasa. Si walisema haraka haraka haina baraka? Kitu inakimbia kilomita mia nane kwa saa, baraka itashikilia wapi?

Ministre aliichukua tiketi, akasoma maandishi madogo ya nyuma.

— Hapa wameandika, kampuni haihusiki na vita.

— Vita ilianza tisini na tatu, tiketi nilinunua mwezi jana. Walikuwa hawajaisikia?

— Tulia. Sheria inamulinda musafiri. Ajansi yenye agrément, ile ruhusa ya wizara, inaacha dhamana. Ikikutupa, wizara inakutafutia kiti ingine mbele ya Ijumaa. Kama haina agrément, funga makubazi, utembee.

— Iko nayo! Massoudi alisimama. Iko kwa ukuta, ndani ya kioo. Muhuri muviringo, wino ya zambarau.

— Hata mi niliona, alisema Redio. Muhuri kama ule haudanganyi.

— Niliupima kwa macho, alisema Ministre. Ni wa serikali kabisa.

Adélaïde, mwalimu wa Mutanga Nord aliyekuja kufuata gari lake, alikuwa amesimama nyuma yao.

— Samahani, wazee. Ile karatasi inasema nini?

Redio akachungulia ndani ya kikombe chake. Ministre akavua miwani, akaifuta ingawa ilikuwa safi.

Massoudi alivuka barabara, akaegemeza paji la uso kwenye dirisha. Kwanza akajiona mwenyewe, na kofia yake mpya, vilevile alivyojiona kwenye kioo cha karatasi ile siku ya kununua. Siku ile hakutazama kitu kingine. Akakinga jua kwa kiganja. Akasoma polepole, kisha akasoma tena.

Alirudi, akaketi ncha kabisa ya benchi.

— Ni ruhusa ya kuuza samaki. Iliisha tisini na ine.

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

— Jovithe, alisema baadaye, ule musamaha bado uko?

Mawazo akageuza birika, halikutoka tone. Ministre alisogea, akampa Massoudi nafasi ya kukaa vizuri. Lakini funguo za gari lake mwenyewe, zilizokuwa juu ya benchi kati yao, akazitia mfukoni.