Mama Mvua, Aliyefunga Ndoa Katika Kanisa Lisilo na Paa

Mama yetu alizaliwa tarehe 9 Mei 1949, katika chumba cha nyuma cha duka la ushonaji la bibi yake, akiwa mtoto wa pili wa fundi mwashi na mkewe. Mwaka huohuo baba yake alikuwa miongoni mwa waliochimba msingi wa kanisa hili la Methodisti, mji ukiwa bado barabara moja na soko. Alibatizwa msingini, kwa kuwa kuta zilikuwa hazijaanza. Babu alisema, "Huyu atakua na kanisa lake." Mama alikua. Kanisa ndilo lililochelewa.

Lilicheleweshwa na mlango. Watu wa juu, wenye mashamba, walitaka utazame kilimani. Watu wa chini, wenye maduka, walitaka utazame sokoni. Kuta zilipanda, paa likangoja wakubwa wapatane.

Alianza masomo mwaka 1956 ndani ya kuta hizohizo, maana shule ya kanisa haikuwa na jengo lake. Wingu likitanda, mwalimu alifunga kitabu na darasa likakimbilia ghalani. Mama alidai kwamba hesabu za kugawanya zilimpita kwa sababu zilifundishwa msimu wa mvua. Alimaliza shule mwaka 1963, akajifunza cherehani kwa bibi yake, na tangu hapo kila joho la kwaya lililovaliwa hapa lilipita mikononi mwake.

Tarehe 12 Desemba 1970 alifunga ndoa na baba yetu, seremala. Hapakuwa na paa bado, na mvua haikungoja amina. Shela ilimganda usoni. Mchungaji alipouliza kama anamkubali mwanamume huyu, alijibu, "Namkubali, baba mchungaji, ila tufanye haraka." Ndipo akaitwa Mama Mvua.

Aibu ya siku ile ilifanya kazi. Mwaka uliofuata pande mbili zilikubaliana iwepo milango miwili, kila upande na wake. Baba alitengeneza milango yote na kupandisha kenchi za paa. Lakini mlango wa sokoni ulikatwa kwenye ukuta uliokwisha kusimama, na hapo juu yake, mwaka 2009, ufa ukajitokeza.

Fundi alisema ukuta utapona mlango huo ukizibwa. Watu wa chini wakakataa kuzunguka kama wageni. Watu wa juu wakacheka. Wengine wakataka jengo lote livunjwe. Katika kila mkutano Mama alisimama. Mzee mmoja alipoanza, "Usipoziba ufa...", alimkatiza: "Shemeji, methali hiyo tunaijua sote. Asiyejulikana ni wa kuziba." Watu walicheka, kikao kikaahirishwa. Mwaka 2019 jengo lilifungwa kwa usalama wetu, tukahamia kwenye hema hili mlimoketi.

Mama alipata kiharusi mwezi Februari 2023. Mkono wa kulia ulikufa ganzi, cherehani ikafunikwa kitambaa. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi alikuja kumwona hospitalini.

"Mmefikia wapi?" Mama aliuliza.

"Bado tunashauriana, mama."

"Haya. Mimi nitatangulia, nyinyi shaurianeni."

Hakusema kwa hasira. Alikuwa amechoka, na sisi wanawe tuliokuwa kando ya kitanda tulichoka naye. Alifariki alfajiri ya tarehe 3 Agosti 2024, baba akiwa amemshika mkono.

Juzi, tukipanga mazishi, ubishi ulizuka tena: jeneza liingie uwanjani mwa kanisa kwa lango la juu au la chini. Baba, ambaye mnamjua si mtu wa maneno, aliinuka akasema, "Milango yote miwili niliitengeneza mimi. Wa sokoni nitauziba mimi, Jumatatu. Anayetaka kunizuia aje na sababu zake, mimi nitakuwa na tofali." Mpaka naandika haya, mimi kitindamimba wake, hakuna aliyeleta sababu. Hakuna pia aliyesema atakuja kumsaidia. Ana miaka themanini.

Mama Mvua ameacha mume, wana wawili, mabinti wawili, wakwe, wajukuu, kitukuu mmoja, dada yake mdogo, na kwaya nzima iliyovaa kazi ya mikono yake leo.

Mungu amjalie Mama pumziko la amani. Sisi tuliobaki, tusipumzike kwanza.