Ncha ya Pili ya Shuka

Mheshimiwa Mkurugenzi wa hospitali yetu, ambaye leo umeshuka ngazi zote mpaka huku chini kwenye mvuke. Bi Matroni, mama wa ukali na mama wa huruma. Bwana Meneja wa chumba cha kufulia. Madaktari na wauguzi mliokuja na makoti meupe tuliyoyafua sisi. Ndugu zangu wa sabuni, wa pasi na wa kamba. Na wewe binti yetu, uliyesafiri kutoka nchi ya mbali kuja kumchukua baba yako: nawasalimu kila mmoja kwa cheo chake, na asiye na cheo namsalimu mara mbili.

Itikieni basi. Hivyo tu? Hiyo sauti ya wodini, sio ya watu wa kufua. Nawasalimu! Naam, hapo sawa.

Hotuba hii nimeiandika mwenyewe. Bwana Meneja alitaka binti wa ofisini aniandikie, nikakataa, nikamwambia mtu aliyekunja mashuka ya wodi zote hashindwi kukunja maneno. Shuleni nilikaa kidogo, mimi na mwalimu hatukupatana. Herufi zangu ni kubwa kama ndoo, kwa hiyo karatasi imejaa mapema, na yaliyobaki yamo kichwani, nacho kichwa ni kikubwa vilevile, mnaona wenyewe.

Leo tunamuaga mwenzangu wa miaka mingi, Mzee Taratibu. Amestaafu. Bintiye huyu hapa amekuja ili waondoke Jumamosi, akaishi naye huko ng'ambo, awaone wajukuu ambao mpaka leo anawaona kwenye simu tu. Ni habari njema, si ndiyo? Basi jana mchana, tukiwa uani kwenye kamba, huyu bwana ameniambia haendi. Bintiye bado hajaambiwa. Sasa ameambiwa. Samahani, binti, na wewe Taratibu usinikazie macho, ungetaka siri ungemwambia mtu mwingine.

Nimesimama hapa kumwambia aende. Mimi, ambaye akienda yeye sina mwenzangu mwingine.

Kwa nini nisikilizwe? Kwa sababu katika jambo la upweke wa ugenini, humu ndani hakuna bingwa kunizidi. Wengine mmezaliwa mitaa hii, mmekulia humu, hata mbwa wa njia wanawajua. Mimi nilishuka katika nchi hii na begi moja na kimo changu hiki, na ukimya nikaukuta mlangoni umenisubiri.

Nikiwaeleza siku zile naona kama nasimulia ndoto ya mtu mwingine. Mji wote ulikuwa kama uko chini ya maji. Watu walipita wakichezesha midomo, magari yakapita, milango ikafunguka na kufungika, na vyote vilinifikia vimelainika, kama sauti ya chumba cha jirani mtu akiwa nusu usingizini. Chumba changu kilitazama ngazi. Jioni nililala chali nikasikiliza nyayo, nikazipa majina: huyu Mzito, huyu Haraka, huyu Mama wa Funguo. Nilijua saa ya kurudi ya kila mmoja. Akichelewa mmoja, silali. Na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba pana mtu anayemsubiri.

Nilikwenda kwa kinyozi nywele hazijaota. Kinyozi akanitazama, akatazama mkasi wake, akanitazama tena. Nikakaa. Nilitaka tu mtu anishike kichwa. Akanishika, akanigeuza huku, akanigeuza kule, akajifanya anakata. Mungu ambariki yule bwana popote alipo. Nilisinzia kwenye kiti chake kama mtoto.

Mtacheka. Chekeni. Hata mimi nacheka, maana leo niko na watu wa kucheka nao.

Kazi nikapata hapa hapa, kukunja. Wengi wenu mnajua shuka la hospitali, lilivyo pana, lilivyo zito likitoka kwenye kikaushio, na wote mnajua kwamba linataka watu wawili. Mimi nikakataa. Nilisema moyoni, kama nchi hii haina mtu wa kusema na mimi, basi mimi sina haja na mtu wa nchi hii. Nikapigilia misumari miwili ukutani, nikatundika pembe mbili za shuka, nikashika pembe mbili nyingine, nikakunja peke yangu. Na nilikunja vizuri! Nani mwingine humu amewahi kukunja shuka la wodi peke yake likatoka limenyooka? Yuko wapi? Nyosha mkono. Mnaona.

Basi akaja huyu. Wakati ule mwembamba, nywele nyeusi, na mwendo uleule wa kama anapita chumba cha mtu aliyelala. Akachomoa pembe mbili kutoka kwenye misumari, akazishika, akasimama. Nikamnyang'anya, nikarudisha kwenye misumari. Kesho yake akaja tena, akachomoa. Nikanyang'anya. Ilikuwa hivyo siku nyingi, yeye anachomoa, mimi nanyang'anya, na akina mama wa pasi wanatutazama kama watu wanaotazama mvua. Mpaka siku moja yeye hakuachia. Na mimi, mnanijua, siachii. Nikavuta, akavuta. Shuka likalia krrraa, likapasuka katikati, kutoka upindo mpaka upindo.

Bi Matroni wa wakati ule akatokea. Sijui walitoka wapi Mamatroni wale, walikuwa wanatokea tu, kama mwezi. Akauliza jambo ambalo sikulielewa kwa lugha, lakini kwa uso nilielewa: nani amechana? Yeye Taratibu akaninyooshea kidole mimi. Na mimi, papo hapo, nikamnyooshea yeye.

Tukatazamana na vidole vyetu hewani. Akaanza kucheka yeye. Nikacheka mimi. Kilikuwa kicheko changu cha kwanza tangu nishuke katika nchi hii, na kilitoka kimepata kutu, kikakwaruza koo.

Adhabu yetu ilikuwa kulishona. Tukapewa sindano moja moja na uzi, tukakaa sakafuni, yeye mwanzo wa ule mpasuko, mimi mwisho wake, kila mtu anashona kuelekea kwa mwenzake. Mashine zilikuwa zimezimwa. Mvuke ulikuwa bado umening'inia darini, na mwanga wa dirisha la juu ukipita ndani yake ukawa kama maziwa. Hatukuwa na neno hata moja la kubadilishana. Tulishona tu, na kila nilipoinua macho nilimkuta amesogea. Mpaka magoti yetu yakagusana katikati ya shuka. Mshono wake ulikuwa mzuri. Wangu ulikuwa mzuri zaidi, ila umepinda.

Maneno yangu manne ya kwanza ya lugha ya hapa nimefundishwa na yeye: vuta, legeza, njoo, rudi. Niliyatumia popote. Muuza viatu akinitajia bei, namwambia, "Legeza!" Mwenye nyumba akinijia na ukali, namwambia, "Rudi!" Na nilisikilizwa. Jirani yangu wa ngazi, Mama wa Funguo, siku moja alipanda na mizigo, nikamfungulia mlango nikamwambia, "Njoo." Akasimama pale akashangaa. Halafu akanipa mzigo mmoja nimbebee. Urafiki wangu na nyumba ile nzima ulianzia kwenye ule mzigo.

Ndugu wageni waalikwa, nani kati yenu amewahi kutazama vizuri watu wawili wakikunja? Mnasimama mbali, shuka limetanda kati yenu. Mnakaribiana, mikono inakutana, mmoja anaachia, anainama, anaokota upindo, anarudi. Mnakaribiana tena. Miaka mingi mimi na yeye tumeishi hivyo, tukijiana na kuachana, tukijiana na kuachana, katikati ya weupe mwingi kama mtu anayetembea ndani ya mawingu, na yote tuliyoambiana katika maisha haya tuliambiana pale mikono inapokutana, kwa kifupi, maana shuka lingine linangoja. Hapo ndipo aliponiambia amepata binti. Ndiyo, wewe uliyekaa hapo. Hapo ndipo aliponiambia mkewe ameanza kuumwa. Na siku niliyopata simu kwamba mama yangu mzazi amefariki, na mimi siwezi kufika mazishini, nilikuja kazini nikashika shuka. Mikono ilipokutana nikamwambia, "Mama hayupo tena."

Kwa kawaida hapo mmoja anaachia. Yeye hakuachia. Tulisimama tu, tumeshikilia pembe zote nne, shuka limening'inia katikati, na watu wa matoroli wakainama wakapita chini yake. Tulisimama mpaka nikaweza. Halafu akasema, "Taratibu," kama anavyosema kwa kila kitu.

Huyo ndiye mnayemuaga. Sasa nisikilizeni alivyonijibu jana.

Nilimuuliza, "Sanduku umefunga?"

"La nini?"

"La safari, bwana."

"Siendi."

"Unaumwa?"

"Mimi sijawahi kutoka mji huu hata siku moja," akasema. "Kule nitakuwa nani? Binti atakwenda kazini, watoto watakwenda shule, mimi nitakaa dirishani kama paka. Umri huu nianze kutafuta rafiki? Kwa lugha gani?"

"Ulivyonipata mimi, ulinipata kwa lugha gani?"

Akageuza shuka kwenye kamba. Halafu akasema, "Na hapa nani atashika ncha ya pili?"

"Ya nani?"

"Yako, mzee mkaidi wewe. Hukubali mtu. Wote uliopewa nikiwa likizo umewafukuza."

Ni kweli niliwafukuza, na walistahili. Lakini nilipofika nyumbani nikakaa kitandani na viatu vyangu miguuni, nikaona jambo lilivyo. Huyu mtu anaogopa ugeni, hilo moja. La pili, anataka kuwakosa wajukuu zake kwa ajili yangu. Nawaambia kweli, nilifurahi. Nilifurahi sana, mpaka nikapika chai. Ningenyamaza, angebaki. Tungezeeka hapa pamoja, Jumapili yeye kwangu, Jumapili mimi kwake, na yule mjukuu mdogo angeendelea kubusu kioo cha simu.

Ndiyo maana leo asubuhi, kabla hamjapanga viti hivi, nilikwenda pale mwisho wa meza, kwa yule mama aliyeajiriwa juzi juzi. Huyo hapo nyuma, mwenye kilemba cha buluu, ambaye nyote mnamwita Redio kwa sababu anaongea kutwa nzima lugha yake na hakuna anayemjibu. Nikachukua shuka. Nikamshikisha ncha ya pili.

Taratibu, sikiliza. Nimekunja na mtu mwingine.

Anakunja vibaya! Anakunja kama mtu anayefunga samaki. Nikimwambia vuta analegeza, nikimwambia rudi anakuja, na mdomo haukai. Mara akanigombeza, mimi, mnayeniita Jembe, akanipiga kibao cha mkononi kwa sababu upindo wangu ati haukulingana na wake. Sikuelewa hata neno. Nikaachia upindo nikakunja anavyotaka yeye. Akina mama wa pasi ni mashahidi, waliacha pasi mpaka foronya ikaungua. Na kesho nitakunja naye tena. Kwa hiyo ncha yangu ina mtu, na wewe kisingizio kimekwisha.

Na kule uendako nakwambia la kufanya, mimi niliyetangulia. Usikae usubiri kuitwa. Usisubiri lugha, lugha itakuja nyuma ikihema. Toka nje, tembea mwendo wako huohuo, na ukimwona mtu ana kitu kikubwa kuliko mikono yake, meza, godoro, zulia, chochote, shika ule upande mwingine. Atakunyang'anya. Shika tena. Wewe ndiye uliyenifanyia hivyo, na hakuna mkaidi kama mimi katika nchi yoyote duniani. Ukiniweza mimi, hao wengine watakushinda nini?

Unasema? Sema kwa sauti, wakubwa wasikie.

Anauliza kama Redio anakunja vibaya kuliko nilivyokuwa nakunja mimi. Bwana, mimi sijawahi kukunja vibaya! Msicheke. Nani anacheka? Hata Bi Matroni?

Anasema nini tena? Nyamazeni. Rudia.

Anasema ana sanduku moja tu, na ni kubwa, na mgongo wake haufai.

Binti, umesikia? Huyo amekubali, mimi nazijua kauli zake, hawezi kwenda zaidi ya hapo mbele za watu. Mshike mkono sasa hivi. Mshike kabisa. Na wewe mzee, sanduku lifungwe Ijumaa. Jumamosi nitakuja kwako mapema, tutalishika huku na huku, tutalishusha ngazi, wewe mbele mimi nyuma, taratibu.

Mheshimiwa Mkurugenzi, Bi Matroni, ndugu zangu nyote, nawashukuru kwa kuniazima masikio yenu, nayarudisha yakiwa mazima. Haya, mwenzangu, inuka. Watu wanataka kukupa mkono.