Mama Kipimo Mbele ya Tanuri la Babu

"Polepole, kaka. Piga brashi, usichokonoe."

Wasikilizaji wapendwa, hiyo ni sauti ya Mama Kipimo. Binti yake aliirekodi kwa simu, na ameturuhusu tuisikie pamoja. Mama Kipimo alikuwa fundi cherehani. Alifariki wiki iliyopita, nyumbani kwake, usingizini. Katika rekodi hii amepiga magoti mbele ya tanuri kuukuu la kuyeyushia shaba, nje kidogo ya mji. Anayeambiwa asichokonoe ni fundi wa kuchomelea vyuma. Mtaani wanamwita Cheche.

"Dada, kwa mwendo huu tutaisha sisi kabla udongo haujaisha."

"Ukichoka, kaa. Mimi bado."

Mpaka siku hiyo, wawili hawa hawakuwahi kukaa mahali pamoja kwa hiari yao. Na ni ndugu wa damu. Babu zao walizaliwa tumbo moja, na wote wawili walifanya kazi kwenye tanuri hilo.

Babu yake Mama Kipimo, yule mkubwa, alikuwa mziba tundu. Kazi yenyewe ni hivi. Shaba ikishayeyuka, tundu la chini ya tanuri linafunguliwa, shaba inatiririka kwenye kalibu za kuipa umbo. Kalibu zikijaa, mziba tundu anabandika donge la udongo mbichi kwenye ncha ya fimbo ndefu ya chuma, analisukumiza tunduni. Udongo unaiva papo hapo. Akichelewa, shaba inamwagika sakafuni, penye miguu ya watu.

Siku moja ikamwagika. Babu yake Cheche, yule mdogo, aliungua mguu, akachechemea mpaka kufa kwake. Upande wa Cheche walisema kaka mtu alitupa fimbo akakimbia, akaacha tundu wazi. Upande wa Mama Kipimo walisema ni uongo mtupu. Watoto wakarithi maneno hayo, na wajukuu nao. Harusini hawaalikani. Msibani wanasimama mbalimbali.

Mama Kipimo hakutaka kuwaachia wajukuu zake ugomvi huo. "Mama hakuamini kitu mpaka akipime," binti yake anasema. "Ukimwambia kiuno changu ni kilekile cha mwaka jana, anakujibu, simama hapa."

Basi akawaendea wastaafu wa kiwandani, mmoja mmoja. Kila mtu alikuwa na hadithi yake. Jambo moja tu walikubaliana wote: baada ya siku ile, tanuri lile halikuwashwa tena. Mama Kipimo akalitafuta. Akalikuta nyuma ya vilima vyeusi vya makapi ya shaba, uso wake umefukiwa na udongo. Hakuligusa. Alikwenda moja kwa moja kwa Cheche.

"Alinikuta nachomelea geti," Cheche ametuambia. "Hakunisalimia vizuri, na mimi sikuitikia vizuri. Akasema, kaka, nikifukua peke yangu hutaniamini. Twende wote. Nikamuuliza, na tukikuta tundu liko wazi? Akasema, nitakuja kwenu kuomba radhi, mbele ya watoto wako."

Cheche alikwenda. Anakiri mwenyewe kwamba alikwenda akijua ataombwa radhi.

Turudi kwenye rekodi. Brashi inakwaruza. Kisha Cheche:

"Limezibwa."

"Angalia vizuri."

"Nimeangalia, dada. Udongo umo, umeiva kama tofali. Ukuta ndio uliopasuka, hapa pembeni. Ona, shaba imeganda ndani ya ufa."

Ungedhani Mama Kipimo angepiga vigelegele. Hakupiga.

"Tundu limezibwa," anasema. "Nani aliliziba, hatujui. Huenda ni mwingine, wa kwetu ameshatoka mbio."

"Sasa mbona unamkandamiza babu yako mwenyewe?"

"Sitaki uamini leo, kesho ubadilike."

"Haya, alikimbia! Ukuta umepasuka, shaba inakuja, nani asikimbie? Mimi ningekuwa nimeshafika nyumbani, nimevua viatu, naulizia chakula."

Hapo Mama Kipimo anacheka. Anacheka mpaka anakohoa, na Cheche anasikika akimpigapiga mgongoni.

Wasikilizaji wapendwa, turudie tulichonacho. Tundu limezibwa. Ukuta ndio uliopasuka. Kama mziba tundu alikimbia au alibaki, bado hatujui. Mbele ya tanuri, pale waliposimama wafanyakazi, sakafu ilikuwa bado imefukiwa. Mama Kipimo alitaka kujua fimbo ile iliangukia wapi, karibu na tundu, alipokuwa akiziba, au mbali, alikokimbilia. Walikubaliana kufukua pamoja. Umauti ukamkuta.

Siku ya mazishi, Cheche hakusimama upande wa pili. Alichukua koleo kabla ya wanaume wengine. Baadaye watoto wake walikaa sebuleni na wajukuu wa marehemu, wakigombania kiti kimoja chenye mto.

Kwa binti, kwa wajukuu, kwa Cheche na watu wake, ambao leo tunawataja kwa pumzi moja: poleni sana. Mungu ampumzishe mama yetu. Nawe unayesikiliza, pengine iko nyumba ya ndugu ambayo huingii, na sababu yake ulisimuliwa tu. Ifikirie kidogo leo. Umewahi kwenda kuangalia mwenyewe? Na ukienda, utamchukua nani?

Leo mchana nilikwenda kwenye tanuri. Binti na Cheche walikuwa wameanza kufukua sakafu. Ardhi ni ngumu, mawe ni mengi. Mpaka jua linashuka, shimo lilikuwa limefika magotini na hawajakuta kitu. Binti akajifuta jasho, akamtazama Cheche.

"Mjomba, na tukikuta kweli alikimbia?"

Cheche alikuwa anakusanya makoleo.

"Basi alikimbia. Wewe kesho njoo mapema, kabla jua halijawa kali."