Sista Kezia Anatuachia Benchi la Mswaki

Kwanza naomba msamaha. Maandishi haya yaliitishwa kabla ya Pasaka, na wenzangu wamenikumbusha kila tukipishana kwenye korido. Mtoto wangu anaota meno, jameni, na mtoto anayeota meno hajali kwamba mama yake amepewa kazi ya kuandika. Lakini Sista Kezia Aluoch hawezi kuondoka hapa bila kuandikwa. Kwa hiyo nimekaa, mtoto mgongoni, naandika.

Sista Kezia anastaafu tarehe thelathini Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuangalia midomo ya watu wa Homa Bay na Migori. Alianza kama nesi wa wodi. Akaletwa chumba cha meno kumshikia mwenzake aliyekuwa kwa likizo ya uzazi, na hakurudi tena wodini. Alipoulizwa kama hataki wodi yake, alisema huku angalau wagonjwa hawawezi kumjibu, maana midomo yao iko wazi.

Amefanya mengi. Ndiye aliyeanzisha safari ya kila mwezi ya kwenda Kehancha, ili wagonjwa wa Kuria wasilazimike kuja hadi huku Homa Bay kila mara. Lakini ukimtaja mjini, watu watakuuliza, "Yule wa benchi?" Ndiyo, yule wa benchi.

Kwa wasiojua, ni benchi la mbao tu, liko kwenye veranda karibu na sinki. Mtoto aliyewekewa waya za kunyoosha meno haingii kwa daktari kabla hajapitia hapo. Sista anamdondoshea tone la rangi mdomoni, mtoto anasukutua, kisha anapewa kioo. Palipobaki ukoga panakuwa pekundu. Hakuna kubishana. "Nyathina," atamwambia, yaani mwanangu, "unapiga mswaki ama unapaka nyumba rangi?" Halafu wanaanza upya: mswaki ulale kidogo uelekee fizi, upite juu ya waya, upite chini ya waya, kisha ndani na sehemu ya kutafunia. Kile kibrashi chembamba kinaingia kati ya kibati na kibati, yaani vile vidude vilivyobandikwa kwenye meno kushikilia waya. Mwisho ni uzi.

Uzi ndio unaowatoa watoto machozi, kwa sababu lazima upitishwe chini ya waya, jino kwa jino. Hapo Sista ana njia yake. Mama yake alikuwa akishona nyavu za wavuvi Kendu Bay, na yeye alikulia kwenye hiyo kazi. Kwa hiyo mtoto hapewi uzi wa meno kabla hajaziba tundu kwenye kipande cha wavu kilichowambwa kwenye fremu, kwa sindano ya mbao. Anasema mkono ukishazoea kupita kwenye wavu bila kuvuta kwa nguvu, utapita mdomoni bila kukata fizi. Byron, kijana wa hapa karibu na ufuo, alilielewa somo kupita kiasi. Alienda nyumbani akatumia uzi wenyewe wa nyavu za mjomba wake, akarudi fizi imechanika. Sista alimtibu huku akimuuliza, "Omera, ndugu yangu, ulikuwa unatafuta samaki mbuta huko ndani?" Tangu siku hiyo anaanza somo kwa kusema, "Wavu ni wa mkono. Mdomo una uzi wake."

Sasa, swali ambalo wazazi wananiuliza kila siku ni hili: Sista akienda, benchi litabaki? Ni swali la haki. Daktari Hemed, ambaye ndiye anayeweka hizo waya, alituambia kwenye mkutano kwamba manesi ni wachache na hana wa kumweka pale. Hakusema kwa ubaya. Lakini wako watoto ambao waya zao bado ziko mdomoni, na waya kwenye meno machafu inaharibu kuliko inavyotengeneza. Acha nieleze kwa kisa kimoja, kwa sababu nilikuwepo.

Nyasuguta ni msichana wa Kegonga, huko Kuria. Aliwekewa waya, akaenda nyumbani, akarudi fizi zimevimba kama amepigwa, na kwenye meno ya mbele madoa meupe yameanza. Kumbe hakuwa amegusa mswaki. Baba yake, Mzee Mwikwabe, anafuga ng'ombe, na maisha yake yote amefunga seng'enge. Anajua waya ikitikiswa kila siku inalegea. Kwa hiyo alimwonya binti yake: asukutue kwa maji tu, asiguse kazi ya daktari. Alikuwa analinda. Ni kupenda kwenyewe kulikokuwa kunaharibu.

Daktari Hemed aliangalia, akaweka kioo chini. "Zitoke," alisema. "Meno yaliyopinda yanakula ugali. Yaliyooza hayali." Msichana alianza kulia bila sauti. Sista Kezia hakubishana na daktari. Aliomba kitu kimoja tu: apewe muda hadi kliniki ya Kehancha inayofuata. Daktari akakubali, lakini akasema wazi kwamba akikuta ukoga atazitoa hapo hapo.

Basi Nyasuguta akakalishwa kwenye benchi na kupewa wavu. Mzee Mwikwabe alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Sista, mimi nimeleta mtoto kwa meno, si kwa uvuvi. Sisi ni watu wa ng'ombe."

"Ng'ombe wako ana waya mdomoni, baba Nyasuguta?"

"Hana."

"Basi keti hapa. Na wewe utashona."

Akaketi. Alishona vibaya, binti yake akacheka mpaka akasahau kulia, na mzee akasema heri kukamua fahali. Lakini hakuinuka mpaka tundu lilipozibika.

Kehancha siku ile nilikuwa nimeshika tochi. Katikati ya kazi Sista alimnyang'anya mtoto mwingine kipande cha muwa, kwa sababu muwa unang'oa vibati, kisha nikamkuta nyuma ya gari anautafuna yeye. "Mimi sina waya," akaniambia. Alipofika Nyasuguta, utani ukaisha. Tone la rangi likawekwa, akasukutua. Mbele safi. Pembeni safi. Gego moja la nyuma, jekundu. Daktari Hemed akainama, akaliangalia tena lile gego. Mzee Mwikwabe akasema, "Hilo ni langu, daktari. Jana nilikuwa ninamshikia taa na mkono ulichoka." Daktari akacheka, akasema waya zibaki, na hilo gego lishughulikiwe. Mpaka leo ziko, na fizi zimerudi kuwa fizi.

Nyasuguta bado ana safari ndefu na hizo waya, na Byron pia, na wengine. Ndiyo maana kwenye ule mkutano, daktari aliposema hana mtu, niliinua mkono. Mimi si nesi. Kazi yangu ni kuosha vyombo vya daktari na kuviingiza kwenye mashine ya mvuke. Shule yangu iliishia kidato cha nne. Lakini nimesimama karibu na lile sinki tangu nilipoajiriwa, na nimeona kila mkono ulivyoshika mswaki. Daktari aliniuliza, "Na mtoto wako?" Nikamjibu mtoto wangu ana meno manne, atakuwa mwanafunzi wa kwanza. Watu wakacheka, lakini mimi sikuwa nacheka. Akanipa hadi kliniki ya Kehancha ya mwezi wa saba. Watoto wakija na meno safi, benchi linabaki. Wakija na rangi nyekundu, litaondolewa.

Sista, kwa niaba ya wote, asante. Asante kwa mikono yako, kwa kelele zako, na kwa kutuonyesha kwamba mtu anaweza kugombezwa na aende nyumbani akijiona anapendwa. Huko nyumbani kwako Kosele wakupokee vizuri, shamba likuitikie, magoti yapumzike, na uamke saa unayotaka wewe.

Lakini usijifanye umeenda kabisa. Hivi ndivyo vitu ambavyo bado ninahitaji unitumie, mapema kabla ya hiyo kliniki. Jina kamili la ile dawa ya rangi na duka unakoinunua, kwa sababu chupa imebaki robo na karatasi yake imebanduka. Fremu mbili za wavu wenye matundu madogo. Hizi za sasa zimezibwa hadi hakuna pa kushona. Sindano ndogo ya mbao ya watoto wa mkono wa kushoto, ile uliyosema fundi wako anaweza kuchonga. Vioo vya mkononi, hata kama ni vya kunyolea ndevu. Na asubuhi yako moja, Kehancha. Uje uketi upande wa wagonjwa, mikono mapajani. Usinisaidie.

Phanice, chumba cha vyombo