Ndoo ya Cibalonza

Ndugu, majirani wa Katindo, na ninyi wenzake wa ofisi ya maji mliokuja na kofia mkononi, asanteni. Anayewasomea haya ni dada mdogo wa marehemu, Ernestine, na akikatika sauti mtamvumilia. Wenceslas Murhula alizaliwa tarehe 4 Mei 1931 huko Walungu, upande wa Bukavu, mtoto wa tatu wa Muzee Bisimwa. Alikuwa mbishi tangu utotoni, tusidanganyane mbele ya sanduku lake.

Alisoma shule ya msingi kwa Mapadri. Siku moja aliziba mfereji wao kwa udongo apate kuona maji yatapita wapi. Alichapwa fimbo, lakini jibu alilipata. Baadaye alijifunza ufundi wa tiyo, yaani mabomba ya maji, mjini Bukavu, na Januari 1958 alipanda mashua mpaka Goma, akaandikwa kazi ya Leta, yaani ya serikali, katika ofisi ya maji. Nyumba nyingi za Himbi, mtaa wa wakubwa, mnazoziona zina robine za kufungulia maji, mikono yake ilipita pale.

Wenceslas alimkuta Cibalonza, mke wake wa baadaye, Kituku, ufukoni mwa ziwa, mwaka 1959. Wenceslas alikuwa ametumwa kupima ufuko, na yule binti amejaza ndoo yake, hana wa kumtwika. "We kijana wa tiyo, unaangalia tu? Nitwike!" Akamtwika. Kisha, kwa ule mdomo wake, akaongeza: "Leo miye nakutwika. Siku moja miye njo nitakutua, mayi itafika kwako mulangoni." Binti akajibu, "Tutaona," akaenda zake bila kumwaga hata tone. Walifunga ndoa kanisani tarehe 16 Julai 1960, wakajenga Katindo, juu ya mawe ya volkano. Mwaka 1972, Leta ilipokataza majina ya ubatizo ikitaka watu wawe authentique, yaani wa asili, kazini akawa citoyen Murhula, mwananchi Murhula, na mke wake akapata la kucheka: "Miye nilizaliwa authentique. Weye njo walikutengeneza."

Ahadi ile ndiyo iliyomtesa. Kila asubuhi mama Cibalonza alishuka Kituku, akapanda tena na ndoo kichwani akipita katikati ya Himbi, mbele ya robine zile zile alizofunga mume wake, watu wakimwagilia maua. Nyumbani hakulalamika sana. Aliitua ndoo mwenyewe mlangoni, akamtazama mumewe, basi. Wallahi, afadhali angemtukana.

Kwa hiyo kila Januari Wenceslas alivaa abacost, koti lake la heshima, akaenda ofisini kwake mwenyewe, akaketi kwenye benchi pamoja na watu waliokuja kuomba. Wenzake walimcheka: "Papa Wenceslas, si uingie tu!" Akasema, "Leo sikuya kazi. Leo niko mutu wa Katindo." Akangoja zamu yake mpaka akaitwa mbele ya shefu. Na shefu, yeyote aliyekuwapo mwaka huo, alimjibu kwa heshima kwamba mawe ya Katindo ni magumu, tiyo hazijafika, arudi mwaka kesho. Naye alirudi.

Jumamosi moja baada ya salongo, kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, rafiki yake Constant, fundi mwenzake, alimshauri: "Muzee, tuvute tiyo kidogo tu mpaka kwako. Nani atajua?" Wenceslas akakataa. "Miye nitajua. Hii tiyo ni ya Leta. Siku Katindo inapata mayi, batapata bote." Sauti ikatoka jikoni: "Na hii kichwa yangu, nayo ni ya Leta?" Constant alicheka mpaka machozi. Wenceslas hakucheka, wala usiku ule hakula.

Cibalonza alifariki tarehe 2 Novemba 1981, kwa homa ya kifua iliyomchukua haraka. Maji yalifika Katindo Agosti 1983. Vijana walivunja mawe kwa baramini, mitaimbo ya chuma, wiki nyingi, Wenceslas akiwaongoza, na robine ya watu wote ikasimamishwa kwenye kona. Majirani walimwomba afungue yeye. Alifungua, akajaza ndoo ya marehemu, akaipeleka mpaka mlangoni, akaitua pale pale mama alipokuwa akiitua. Kisha akaketi kando yake na kulia kwa sauti, mzee mzima, na hakuna aliyejaribu kumnyamazisha.

Tangu siku hiyo, kila Dominika baada ya Misa, alichukua ndoo ile na kushuka Kituku. Binti yake Julie alikasirika: "Papa, robine iko hapa!" Akamjibu, "Robine ni muzuri, mutoto wangu. Lakini kwa robine hakuna mutu miye nangoya." Huko ufukoni aliwatwika wanawake wote waliomwita, halafu akapanda na ndoo yake polepole.

Mwezi wa Januari mwaka huu figo zilimshinda. Julie alipompa maji ya robine kitandani, alinywa, akasema, "Ni matamu. Mama yenu hakuyaonja." Alituaga Dominika tarehe 9 Machi 1986, saa ya kutoka Misa, saa yake ya kushuka Kituku.

Ameacha watoto wawili, Julie na Damien, wajukuu watano, dada yake Ernestine, rafiki yake Constant, na mtaa mzima wenye maji. Mkitoka makaburini mpite nyumbani mnawe mikono, kama desturi. Maji ya mlangoni Damien ameyachota Kituku alfajiri kwa ndoo ya mama yake. Yakiisha, robine iko kwenye kona. Ifungueni, ni yenu wote.

Tumemchimbia kaburi ubavuni mwa mke wake. Mama Cibalonza, umengoja sana, tunajua. Muzee amefika. Inamisha kichwa akutue, kisha mpumzike wote wawili kwa amani.