Mama Chupa na Mto Uliofaulu Kila Jumatano

Baada ya miaka thelathini na mmoja na miezi minne ya kuchota maji na kuyatilia shaka, Mama Chupa, mchukua sampuli mkuu wa idara yetu, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe thelathini. Nimeombwa niandike wasifu wake, usomwe kwenye hafla ya kumuaga, kwa sababu nimekaa naye chumba kimoja miaka kumi na tisa. Mkurugenzi amesisitiza uwe mfupi na wa kufurahisha. Nitajitahidi.

Aliajiriwa kuosha chupa za maabara, na jina likamganda hata alipopanda cheo mara nne. Hakumwamini mtu. Kila chupa aliyoijaza aliipaka tone la rangi ya kucha kwenye ukingo wa kifuniko, ili ikifunguliwa njiani ajue. Mwenye duka la vipodozi alishindwa kuelewa jinsi mama asiyepaka kucha hata kwenye harusi ya bintiye anavyomaliza vichupa vitatu kwa mwezi. Ukimsifia, alikuuliza unataka nini. Mumewe anasema nyumbani chai huinywa wa mwisho, akishaona wenzake wamekunywa na wako wazima.

Kwa wageni wetu, kazi yenyewe iko hivi. Tunapima mito na maziwa, na yale yanayozidi viwango tunayaingiza kwenye orodha ya maji yaliyochafuliwa. Mto ukiingia humo, serikali inalazimika kumtafuta anayeuchafua, kumwekea kikomo na kuusafisha. Usipoingia, hakuna anayelazimika kufanya lolote.

Mto unaopita nyuma ya kiwanda cha ngozi ulikataa kuingia kwa miaka minne. Tuliupima kila Jumatano ya kwanza ya mwezi na ukafaulu kila mara, huku akina mama wa bondeni wakituletea watoto wenye vipele hadi mlangoni. Mama Chupa alimshuku mtu wa maabara, akamshuku dereva, akanishuku na mimi. Mwishowe akaomba ruhusa siku ya Jumatatu, akapanda pikipiki ya shemeji yake hadi kiwandani. Maji yalikuwa meusi, na povu limepanda kwenye nguzo za daraja. Mlinzi wa geti, mtu mwema asiye na hila, alimpokea kwa mshangao: "Mbona leo, mama? Barua yenu inasema Jumatano."

Barua ilikuwa imebandikwa ukutani. Ilikuwa na nembo ya idara, na iliwajulisha wahusika, kwa heshima na taadhima, siku ya kuchukua sampuli. Niliiandika mimi kila mwezi, kwa sababu utaratibu ulitaka hivyo, na sikuwahi kujiuliza wakiisoma wanafanya nini. Mama Chupa aliibandua, akarudi ofisini, akaiweka mezani kwangu na kusema: "Kesho unakuja na mimi. Vaa viatu vya mvua." Hakumtajia bosi wa wakati ule jina la mwandishi. Nalitaja leo mwenyewe.

Barua zikakoma na mto ukaingia kwenye orodha. Kiwanda kikalazimishwa kuchimba mabwawa ya kutuamishia maji machafu, kingo zikapandwa matete, na ikachukua miaka tisa yenye mikutano isiyohesabika, ambayo yote alihudhuria akiwa amekaa karibu na mlango. Mwaka jana, kwa mara ya kwanza, alisimama mtoni akaviona vidole vyake vya miguu. Siku hiyo alicheka peke yake njia nzima.

Mwezi ujao mto unatakiwa kutolewa kwenye orodha. Mahema yamekodiwa na fulana zimechapishwa. Ukishatoka, hautapimwa tena kwa miaka mitano. Mama Chupa amekataa kusaini fomu ya kuutoa. Sampuli mbili za mwisho zilichukuliwa yeye akiwa amepelekwa semina, na majibu ya miezi miwili tofauti, mmoja wa mvua na mmoja wa jua, yanafanana hadi tarakimu ya mwisho baada ya nukta. Alipouliza, aliambiwa ni bahati. Kisha akakumbushwa kuwa ana siku nyingi za likizo na anaweza kuanza kupumzika hata kesho. Nimemtania kwa wasiwasi wake miaka yote hii. Safari hii nimeogopa.

Mama, tunakushukuru kwa kila chupa. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na wajukuu watakaokuamini kuliko unavyowaamini. Maisha ya ustaafu yakuendee vyema.

Fomu ililetwa kwangu juzi, kwa kuwa ndiye nitakayekaimu nafasi yako. Namwomba radhi Mkurugenzi kwamba anaisikia habari hii mbele ya wageni. Sijasaini, na sisaini mpaka maji yapimwe upya.